Shati Jeupe Siku ya Soko

Tulimzika Dahir, mume wa dada yangu, baada ya swala ya Ijumaa, na vumbi la makaburini lilikuwa bado liko miguuni mwetu watu walipoanza kumsimulia. Ndivyo tulivyo. Mtu akiwa hai tunamsema kwa sauti ya chini. Akishakufa tunamsema kwa sauti ya juu na kuita hayo kumbukumbu. Turubai lilifungwa mbele ya nyumba yake pale Waberi, Garissa, mikeka ikatandikwa, chai ya maziwa ya ngamia ikazunguka, na mzee mmoja akaapa kwamba maishani hajaona mfanyabiashara wa ng'ombe mwenye siri kama marehemu. Kijana mmoja wa ukoo, aliyezaliwa juzi na simu mkononi, akaniinamia mimi mjomba wake akauliza, "Abti, eti ni kweli Dahir alikuwa akizunguka majumba ya makumbusho ya Nairobi na Mombasa kama mtalii?" Vijana wenzake wakacheka. Waliokuwa watu wazima wakati ule hawakucheka. Walinitazama mimi, kwa sababu wanajua nilifanya nini kwenye redio. Nikasema ni kweli, alizunguka, nami nilizunguka nyuma yake, na mazungumzo yakaishia hapo kwa kuwa sinia za wali zilikuwa zimefika.

Ulikuwa mwaka mmoja katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na kazi yangu ilikuwa kula kwa dada Habiba. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili na ua. Chumba cha mbele kilikuwa cha wageni wanaume: zulia jekundu, mito migumu iliyopangwa ukutani, redio iliyovishwa kitambaa cha kufumwa, na dirisha lililofungwa daima kwa sababu ya jua. Cha ndani kilikuwa chake, na harufu ya uunsi, ule ubani wetu wa kupikwa kwa sukari, haikutoka humo hata mlango ukiachwa wazi mchana kutwa. Ukuta kati ya vyumba hivyo haukufika kwenye mabati. Mwenye kujenga alibana matumizi, nami nikafaidika, maana nikilala juu ya zulia nikisubiri chakula nilikuwa nasikia kila lililosemwa upande wa pili. Asubuhi tulikula anjera, chapati zetu laini za maji, kwa samli na sukari. Mchana ni tambi na mbuzi, tunazikunja kwa vidole. Na katikati ya milo hiyo miwili majirani wa dada walikuja kukaa, wakiongea kwa ule mnong'ono wa wanawake wanaotaka kusikika. Hapo ndipo nilipoisikia kwa mara ya kwanza habari ya shati.

Dahir alikuwa akipeleka ng'ombe Nairobi kwa lori na kurudi na sukari, vitambaa na betri. Utingo wa lori moja alikuwa amemwambia mkewe, mkewe akamwambia jirani, na jirani hakuona sababu ya kuliacha likapotea, kwamba Dahir alionekana Nairobi siku ya soko amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, anajipaka manukato, anawaacha ng'ombe mikononi mwa watu na kuelekea mjini peke yake. Tena si mara moja. "Siku ya soko, abaayo, dada yangu," jirani alisema upande wa pili wa ukuta. "Nani anayevaa nyeupe kuwafuata ng'ombe?" Nikasikia mkaa ukipasuka jikoni. Kisha nikamsikia dada akisema, taratibu sana, "Kuoa, aoe. Dini imemruhusu. Lakini kunificha, hapana. Siku nitakayojua kuna mtu, siku hiyo hiyo naomba talaka yangu." Nilimjua Habiba. Hakuwa mwanamke wa kutisha watu kwa maneno ambayo hatayatimiza, na walikuwa na binti mmoja tu, Hafsa, wa miaka mitano, ambaye wakati ule alikuwa amekaa mlangoni akimlazimisha paka anywe chai.

Jioni dada aliniita ndani. "Noor, safari hii utaenda naye. Mwambie unataka kuuona mji kabla matokeo hayajatoka."

"Unataka nimpeleleze mume wako?"

"Nimesema uende ukauone mji. Macho ni yako, yatumie unavyopenda."

Tulipanda kwenye lori la ng'ombe, tukavuka daraja la Tana, na kwenye kila kizuizi cha barabarani tulishuka tukatoa kitambulisho, na baada ya kitambulisho ile kadi ya pili ya rangi ya waridi ambayo Wasomali peke yetu tulipewa baada ya kuchunguzwa kama kweli ni raia. Nimesafiri sana tangu wakati ule, na bado nikiona mtu mwenye sare akinyoosha mkono moyo unanienda mbio, ingawa sina kosa. Labda ndiyo maana nilikuwa mpelelezi mzuri. Aliyekua akishukiwa tangu utotoni anajua mwenye kushuku anavyotazama. Njia nzima nilimtazama Dahir hivyo. Alipocheka na dereva nilijiuliza anafurahia nini. Aliponyamaza nilijiuliza anamwaza nani. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye meno yaliyotoka kidogo mbele, na nilianza kuona kwamba upole wake ulikuwa wa kutiliwa shaka sana.

Nairobi tulilala Islii, mtaa wa Wasomali wenzetu, kwenye chumba cha vitanda vinne juu ya duka la nguo, kilichonuka sabuni, jasho na ndizi mbivu, kwa sababu wenzetu wawili walikuwa hawali wali bila ndizi na maganda waliyarundika dirishani. Siku ya soko ikafika. Ng'ombe walishushwa alfajiri, bei zikaanza kuzungumzwa chini ya shuka, mkono ndani ya mkono kama desturi yetu, na Dahir akamkabidhi mwenzake kila kitu akarudi chumbani. Alioga. Akatoa shati jeupe kwenye mfuko wa plastiki, akalivaa, akajipaka manukato nyuma ya masikio. Nilijifanya nimelala. Alipotoka nikahesabu kidogo kisha nikamfuata, nikijibanza nyuma ya vibanda, nikiwa na hakika kwamba kabla ya adhuhuri nitamjua huyo mwanamke. Tulikuwa tumetembea mbali sana aliposimama ghafla kando ya barabara bila kugeuka. "Waryaa, Noor," akaniita. "Ukinifuata, nifuate kwa karibu. Mjini hapa utaibiwa viatu ukiwa umevivaa."

Basi nikatembea kando yake kwa aibu. Hakuniuliza kwa nini nilikuwa nikimfuata, na hilo nalo nililihesabu kuwa ushahidi. Siku ile tuliingia kwanza kwenye jumba kubwa lililojaa wanyama waliokaushwa. Nilimwona twiga, nikamwona simba mwenye macho ya kioo, nikajiuliza ni watu gani hawa wanaotoa pesa kumtazama mnyama ambaye kwetu tungetoa pesa asitukaribie. Dahir hakuwatazama. Alipita katikati yao kama mtu anayepita sokoni akiwa ameshajua atanunua nini, hadi kwenye ukumbi wa picha za zamani, akaanza kuzipitia moja moja, pua karibu kugusa kioo. Machifu waliovaa makoti. Wazungu na bunduki zao. Wahindi wajenzi wa reli. Alipofika mwisho akapumua, akasema, "Si hapa." Tukaenda kwenye banda la magarimoshi ya kale, ambako nilipanda injini moja nikafurahi kuliko nilivyotaka aone, yeye akauliza picha, akaambiwa picha ni za magarimoshi. Tukasimama hata chini ya mnara wa saa wa bunge, na hapo nikamwuliza waziwazi anatafuta nini. "Vitu vya zamani," akajibu. Mtu mzima, mwenye ng'ombe sokoni, anatafuta vitu vya zamani. Nilimwambia moyoni: hata uongo hujui.

Mwisho alinipeleka kwenye jumba dogo la makumbusho, nyumba ya mawe yenye vigae vyekundu na bustani, ambayo zamani ilikuwa ya mzungu fulani. Mwanamume wa dirisha la tikiti alitutazama akasema wageni wa nchi za nje wana bei yao. Dahir, ambaye kwa Kisomali alikuwa na ulimi wa asali, kwa Kiswahili alikuwa mtu wa kwetu kabisa. "Mimi raia," akasema. "Natoka Garissa. Kitambulisho hii hapa. Kadi ya bili, rangi ya waridi, hii hapa. Wewe nataka nini ingine? Niite ng'ombe yangu ije iseme?" Yule bwana aliinyanyua kadi kwenye mwanga, akaigeuza, akamtazama Dahir, akamtazama mtu wa kwenye kadi. Ndipo mlango wa ofisi ukafunguka akatoka mwanamke wa makamo, nywele zimesukwa vizuri, sweta ya kijani, miwani ikining'inia kifuani. "Mwache aingie," akasema. "Huyo namjua." Kisha akatabasamu. "Karibu tena, Bwana Dahir. Leo umeleta na ndugu?"

Huyo namjua. Karibu tena. Jina lake lilikuwa Wairimu na kazi yake ilikuwa kutunza ghala la picha, lakini mimi wakati ule nilisikia jina tu. Waliongea mlangoni kwa muda, yeye akicheka, Dahir akiinamisha kichwa kama mtu mwenye haya, kisha Wairimu akamwambia kuhusu ngome ya Mombasa, kwamba huenda kule wanazo. Wanazo nini? Nilikuwa nimesogea karibu sana na kabati la mikuki nikijifanya nasoma, na sikusikia zaidi.

Kwa hiyo tukaenda Mombasa. Alisema ana biashara ya vitambaa, lakini hakununua hata mita moja. Tulikwenda moja kwa moja kwenye ngome ile kongwe iliyojengwa na Wareno, tukapita chini ya lango lake, tukaingia kwenye uwanja wenye jua kali, na nakiri kwamba kwa muda nilimsahau dada yangu. Kuta zile zilikuwa nene kiasi kwamba ungeweza kufunga ngamia wawili kichwa kwa mkia ndani ya dirisha moja. Niligusa mizinga. Nilichungulia bahari, ambayo sikuwa nimewahi kuiona, nikashangaa kuwa maji mengi hivyo hayanyweki. Mtu wa kwetu hawezi kuyatazama bila kuona kwamba kuna ufujaji fulani umefanyika. Dahir alikuwa ndani, pua kwenye vioo. Akatoka, akatikisa kichwa: "Si hapa." Mchana tulikula samaki na wali wa nazi, naye akala kidogo. Kabla ya kupanda basi alinunua halua, boksi mbili. Moja niliielewa. Ya pili niliibeba magotini usiku kucha nikiitazama.

Siku iliyofuata Nairobi nikajua ni ya nani. Aliniacha kwenye benchi la bustani ya lile jumba dogo, akaingia na boksi ile, akakaa ndani kwa muda ambao mimi niliuona mrefu mno. Alipotoka hakuwa na halua. Uso ulikuwa umebadilika, macho mekundu, na shati lile jeupe lilikuwa na alama ya unyevu kwenye mkono, pale mtu anapojifutia machozi. "Twende zetu," akasema. "Kazi yangu hapa imekwisha." Nilichambua maneno hayo hadi Islii. Kazi gani inayoisha kwa machozi na halua? Nikaona jibu ni moja tu: nikahi imefungwa.

Wakati ule simu zilikuwa za wenye ofisi. Sisi tulikuwa na taar, redio ya mawasiliano iliyowekwa nyuma ya duka, waya wake juu ya paa, fundi mmoja akipiga kelele Islii na mwingine akipiga kelele Garissa. Ulikuwa unamwita mtu wako, watu wanakimbia kumtafuta nyumbani, na ninyi mnaongea mbele ya wote waliokaa benchini kwenye ncha mbili, maana sauti ilitoka kwenye spika na hakuna aliyeona haja ya kutosikiliza. Kila mtu alijua hivyo. Habari nyeti zilisemwa kwa mafumbo ya mifugo, na kwa kuwa sote ni wafugaji, hakuna fumbo la mifugo ambalo hata mtoto hakulielewa. Lakini nilikuwa kijana na nilijiona mjanja. Habiba alipofika kwenye redio ya Garissa na kusema "Ova," nikabonyeza kitufe nikasema, "Abaayo, yule ngamia uliyeuliza habari zake, nimemwona. Analishwa halua kwenye zizi la watu wengine. Ova." Kukawa na mkwaruzo wa hewa. Kisha kutoka Garissa, badala ya sauti ya dada, nikasikia vicheko vya benchi zima, na sauti ya mwanamume nisiyemjua ikisema, "Masikini Dahir, kumbe halua!"

Tulipofika Garissa habari ilikuwa imeshatutangulia kwa siku mbili. Habiba alikuwa amehamia kwa Eeddo Barni, shangazi yetu aliyetulea, yeye na Hafsa na godoro na sufuria zake zote, na wazee walikuwa wameshaitwa. Waliketi kwenye chumba cha mbele cha Eeddo, viatu vyao vimejaa mlangoni, birika la chai katikati, fimbo zimelazwa magotini. Dada alikuwa nyuma ya pazia. Dahir aliingia na vumbi la safari, akasalimu, akakaa karibu na mlango. Mzee wa upande wetu akamwuliza kama ana mke Nairobi. Akasema hana. Akamwuliza basi alikwenda kufanya nini kwenye majumba yale, na amevaa hivyo.

"Nilikwenda kutazama vitu vya zamani, adeer," akamjibu mzee kwa heshima.

"Vitu vya zamani?" Mzee akawaonyesha wenzake kwa fimbo. "Na sisi hapa ni vipya?"

Watu wakacheka, Dahir hakucheka. Wakamwuliza mwanamke wa halua ni nani. Akasema ni mtu aliyemfanyia wema. Wema gani? Hapo akanyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kwa mtu aliyefunga mlango kwa ndani. Walimbembeleza, wakamkemea, mmoja akamwambia kwamba mwenye haki husema. Niliona jasho likimtiririka shingoni. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na ushindi wangu, na haukuwa mtamu kama nilivyotarajia. Mwishowe Dahir akasema kwa sauti ndogo, "Siwezi kusema mbele ya wanaume. Lakini Habiba aende Nairobi na kaka yake, na mimi niwe njiani pamoja nao. Aone mwenyewe. Akirudi, akitaka talaka, nitaitoa bila neno." Wazee wakatazamana, maana jambo la namna hiyo hawakuwa wamelisikia. Nyuma ya pazia dada akajibu kabla hajaulizwa: "Nitakwenda. Nataka kuuona uso wake huyo mwanamke."

Hakumsemesha Dahir njia nzima. Alikaa dirishani kwenye basi, mimi katikati, Dahir upande wa nje, na kila alichotaka kumwambia aliniambia mimi. "Mwambie maji yako chini ya kiti." "Mwambie alale, anakoroma akiwa macho." Kwenye vizuizi yeye pia alitoa kadi zake mbili, akazirudisha kifuani bila kumtazama polisi. Tulifika kwenye lile jumba dogo kabla ya adhuhuri. Dada aliliweka sawa shungi lake kubwa, akakunja mikono ya kanzu ya ndani kama mtu anayekwenda kufua, na nikamwogopea yule mwanamke wa sweta. Lakini Dahir alisimama kwenye geti. "Ingieni nyinyi," akasema, akageuka akaelekeza mgongo kwenye jumba, uso barabarani. Nikasema moyoni: ameogopa kuwakutanisha.

Wairimu alitupokea kwa mikono miwili. Hakuonekana kushtuka wala kuona haya, akamtazama Habiba usoni muda mrefu hadi dada akauliza kwa Kiswahili chake kikavu, "Wewe natazama nini?" Wairimu akasema, "Nalinganisha." Kisha akatutangulia kwenye chumba cha nyuma, akaondoa kitambaa kilichofunika fremu moja ukutani, akasema, "Alitaka nifunike mpaka uje."

Ilikuwa picha ya mto. Tana, maji yake ya rangi ya chai, na wanawake wameinama na vyombo. Mmoja amesimama wima, amemtazama mpiga picha. Amevaa guntiino, lile vazi letu la zamani la kufunga fundo begani, bega moja wazi, shingo wazi, nywele zimesukwa na hazikufunikwa. Chini ya picha yameandikwa maneno mafupi kwamba hawa ni wanawake wa kuhamahama wakiteka maji. Hakuna jina. Kando yake kuna mtoto wa kike amekamata nguo ya mama kwa ngumi mbili, na nilipouona uso wa mtoto yule nikasema kwa sauti, "Hafsa amefikaje hapa?"

Habiba hakunijibu. Alikuwa akitazama miguu ya mtoto. "Kiatu," akasema. Mtoto alikuwa na kiatu kimoja. "Kiatu changu kilichukuliwa na mto. Nilipigwa kwa sababu yake." Akasogea. Akanyoosha mkono, nami nikadhani anataka kumgusa mama usoni, lakini alifungua kiganja chake akakibandika kwenye kioo juu ya lile bega lililo wazi, akalifunika, kisha akavuta ncha ya shungi lake akaifunika na shingo. Mtalii mmoja alikuwa amepita mlangoni. Dada alibaki hivyo, ameegemea ukuta, amemfunika mama yetu, na kilichobaki wazi ni uso. Mimi sikuwa nimewahi kuuona. Alifariki nikiwa nanyonya, na kwetu hakukuwa na picha hata moja. Nilikuwa na miaka karibu ishirini na sikujua kwamba nimechukua kidevu cha mtu. Nililia, sikuona haya, na yule mwanamke niliyemwita zizi la watu wengine alinipa leso yake.

Ni yeye aliyetueleza. Eeddo Barni, kabla macho yake hayajaingia ukungu, alikuwa amemsimulia Dahir kwamba mzungu fulani aliwapiga picha mtoni siku ile kiatu kilipopotea, na kwamba picha ilipelekwa kwenye nyumba kubwa mjini. Dahir alikuwa ameitafuta zaidi ya mwaka. Alivaa shati jeupe, alimwambia Wairimu, kwa sababu mtu hawezi kwenda kumtafuta mama mkwe wake akinuka ng'ombe. Mwishowe ilikutwa humo humo ghalani, wakati tulipokuwa Mombasa, ikatundikwa ukutani, na aliporudi na boksi ya halua la kumshukuru Wairimu kwa usumbufu, akaonyeshwa. "Alimtazama mtoto," Wairimu alisema. "Akasema, huyu ni binti yangu. Halafu akaona mama, akageuka haraka, akaniomba nifunike. Akaniongelesha akiwa ametazama ukuta."

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Kwetu mwanamume hakai chumba kimoja na mama wa mkewe, hamtazami usoni, hatamki hata habari ya mwili wake. Na miaka ile wanawake wetu walikuwa wameshaanza kujifunika hadi vidole. Angewaambiaje wazee, fimbo magotini, kwamba amemwona mama mkwe wake ukutani, bega wazi, mbele ya watu wanaolipa kuingia? Aliona ni nafuu apoteze mke kuliko kumvunjia heshima mama mkwe wake.

Tulimkuta bado amelipa jumba mgongo. Habiba akasimama nyuma yake. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu Garissa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniamini?"

Dada yangu ana kasoro nyingi lakini hasemi uongo. Alifikiri kweli, nikaona anavyofikiri. "Wallahi, nisingekuamini," akasema. Akatembea hatua chache kando yake, kisha akauliza, "Na huyu Wairimu, ameolewa?" Dahir alishika uzio wa geti akacheka hadi akakaa chini, na dada, ambaye alikuwa ameuliza kwa dhati kabisa, akamsubiri amalize apate jibu.

Hakuacha kumshuku. Waliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, wakapata watoto wengine, nakala ya picha ikaletwa ikatunzwa ndani ya sanduku na kutazamwa na wanawake peke yao, na bado akichelewa sokoni dada alikuwa anauliza amepita wapi, na yeye alikuwa anaeleza, mtaa kwa mtaa, bila kukasirika. Nimekuwa mwalimu, nimesuluhisha ndoa za walimu wenzangu, na sijaona mtu mwingine aliyeulizwa sana hivyo na kujibu kwa upole hivyo. Nilidhani zamani kwamba ni udhaifu. Sasa naona kila jibu lilikuwa ni zawadi anayompa, naye dada aliomba nyingine kwa sababu alizipenda.

Jana niliingia kumsalimu kwenye chumba chake cha eda. Amevaa nguo zisizo na mapambo, mikono bila hina, na chai iliyopoa iko mbele yake. Aliwaondoa wasichana, akanivuta karibu, akaniuliza kwa ule mnong'ono wa zamani kama kuna mtu yeyote amekuja nje kwa wanaume. Mtu gani, nikasema. "Mtoto," akasema. "Kijana yeyote wa Nairobi. Anayesema kwamba Dahir ni baba yake."

"Hakuna, abaayo," nikamwambia. "Hakuja mtu."

"Una hakika? Uliangalia vizuri?"

"Niliangalia vizuri. Ulikuwa wewe peke yako."

Ndipo dada yangu, ambaye tangu Ijumaa hakuwa ametoa chozi, akajifunika uso kwa mikono miwili akalia.